Wageni wa Ukuta wa Tatu

Siku ile samaki wa kwanza alipovuka ukuta wa tatu tulikuwepo watu hawa, nawataja mwanzo kabisa, ingawa kusahau majina si ugonjwa wangu. Nilikuwepo mimi, Godeliva, mama yake Desideri. Alikuwepo Spesi, ambaye binti yake Furaha ameolewa na huyo Desideri wangu, kwa hiyo sisi ni wakwe; na kabla ya ukwe tulikuwa majirani katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kamba za mahema yetu zikikanyagana. Alikuwepo Bi Mwanaisha wa Tanga, mjane, ambaye hatuna undugu naye wa damu wala wa dini, ila ni mtani wangu, na mtani hafukuziki. Alikuwepo Bwana Trent, msimamizi wa kiwanja chenye ukuta. Na ndani ya simu, kila mmoja kwenye kidirisha chake, walikuwemo Mzee Keith, aliyenifundisha kazi, na Daktari Anjali wa Quakers Hill, ambaye ni daktari wa samaki, msiende kwake na homa.

Nawaandikia nyinyi mliobaki na kazi. Mimi nimeshavua buti. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo humu msitafute maneno makubwa. Tafuteni mto.

Nilipofika Sydney kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusafisha wodi za hospitali, na Spesi alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli. Tuliifanya kazi hiyo mpaka magoti yakaanza kulalamika. Jumapili moja likatolewa tangazo kanisani kwamba kuna watu wanatunza mto unaopita nyuma ya viwanda, upande wetu huu wa Lidcombe, na wanatafuta wanaojua kulima. Spesi akanigusa kiwiko. "Mkwe, hiyo kazi ni ya nje. Hakuna vitanda vya kutandika." Tukainua mikono kama watoto wa shule.

Siku ya kwanza tulipelekwa kwenye stoo yao Ingleburn kuchukua vifaa. Nilikuwa nimevaa kitenge na ndala. Mzee Keith akanitazama miguu, akaingia ndani, akarudi na buti za mpira, soksi nene na kofia. Huyo ndiye Mzee Keith: ujana wake wote alikuwa fundi wa mitambo katika kimojawapo cha viwanda vilivyojenga kuta za kuuziba mto, na uzeeni akaamua kutumia nguvu zilizobaki kuzibomoa. Maneno yake kwa siku nzima yangeenea kwenye kijiko cha chai.

Alinifundisha kwa kuonyesha. Gugu linalotambaa usilivute, utaacha vipande, na kila kipande kitakuwa mama; likunje kama mkeka huku ukikata mizizi chini. Mti mkorofi usiukate ukauacha hivihivi. Ukate, upake dawa kisiki hapo hapo kabla hujasimama kujisifu. Lantana, lile gugu la vichaka vyenye miiba, sikuhitaji kufundishwa. Niliijua tangu Kigoma, na nilishangaa kukutana nayo ng'ambo, kama kumkuta kwenye ndege jirani mbaya uliyedhani umemwacha. Nyoka wa huku wana sumu kuliko maneno ya Bi Mwanaisha, kwa hiyo piga mguu chini unapoingia kwenye majani, uwape nafasi ya kuondoka kwa heshima.

Bi Mwanaisha alijiunga baadaye. Alikuwa akipika kwenye nyumba ya wazee, akachoka kupikia watu wasiotaka pilipili. Siku yake ya kwanza aliangalia maji, akatuangalia sisi, akasema, "Hawa watu wa ziwa wanaujua mto kweli? Ninyi samaki mnaowajua ni dagaa tu, mnawaanika kama nguo."

"Sisi dagaa wetu wanafika mpaka kwenu Tanga," nikamjibu. "Wa kwenu wamewahi kufika Kigoma?"

Hapo tukawa marafiki.

Sasa niwaeleze huo mto. Zamani viwanda vilihitaji maji: kimoja cha nguo, kimoja cha ngozi, kimoja cha wanga. Kila kimoja kikajenga ukuta wa kukatiza mto ili maji yatuame. Viwanda vilikufa, kuta zikabaki, zimesimama kama walinzi wasioambiwa kwamba tajiri amehama. Na aliyezuiwa zaidi ni samaki mmoja anayeitwa besi. Ukimwona utasema ni sangala wa Tanganyika ambaye hajamaliza kukua: mgongo wa shaba, tumbo jeupe, uso wa mtu asiyependa kusubiri. Wajukuu zangu waliniuliza kama ni wale samoni wa kwenye televisheni wanaoruka maporomoko. Niliwaambia hapana. Samoni hupanda mto kuzaa. Besi hushuka wakati wa baridi kuzaa kwenye maji ya chumvichumvi karibu na bahari, halafu majira ya joto yakikaribia hupanda kurudi kula na kuishi, na watoto wao hufuata nyuma. Naye si wa kuruka ruka. Hupanda kwa adabu, akipumzika hapa na pale kama mtu mzima kwenye ngazi za stesheni. Ukimwekea ukuta, hana la kufanya. Anasimama chini yake, anangoja.

Ukuta wa kwanza ulibomolewa wote, na Mzee Keith ndiye aliyeendesha mashine. Ukuta wa pili ulitobolewa. Wa tatu ndio uliosumbua, maana wenye kiwanja walitaka maji yao yaendelee kutuama. Baada ya mazungumzo marefu walikubali ijengwe ngazi ya samaki pembeni. Msifikiri ngazi ya kupandia dari. Ni mfereji wa zege uliogawanywa vyumba vidogo, kila chumba kimeinuka kidogo kuliko cha chini yake, maji yanashuka chumba hadi chumba, samaki anapanda chumba hadi chumba. Na wenye kiwanja walitoa sharti: besi akionekana juu ya ukuta kabla majira ya kuchipua hayajaisha, ngazi itabaki wazi. Asipoonekana, mdomo wa ngazi utazibwa kwa mbao, na kazi yetu ya miaka yote kwenye mto ule itakuwa imeishia miguuni pa ukuta wa tatu.

Ngazi ilimalizika korona ikiwa imeshaingia. Mzee Keith, mapafu yake hayakuwa mazuri, daktari wake akamwambia abaki ndani, asionane na mtu. Akaniachia mkasi wake wa kukatia matawi, wenye mpini aliouzungushia mpira wa baiskeli. Ndio nilioutumia mpaka mwisho. Tukawa tunafanya kazi na maski usoni, tukiachana mbali, tukipigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto, na mara nyingi ndivyo tulivyokuwa kweli.

Halafu yakaja mafuriko. Mvua ilipokoma tulikuta ngazi imejaa kila uchafu wa mji: matairi, chupa, toroli za dukani, mkeka, kiti cha mtoto cha gari, na kila chumba cha ngazi kina mawe makubwa chini, meusi, yenye utelezi. Tulifanya kama tulivyozoea. Spesi akakunja mikono.

"Mkwe," akasema, "hawa samaki ni wageni wetu. Mgeni umpitishe sebuleni kwenye mawe?"

"Kwetu Tanga," akasema Bi Mwanaisha, "mgeni hapigi hodi kabla ua haujafagiliwa."

Mmetuelewa? Mmoja wa hospitali, mmoja wa hoteli, mmoja wa jikoni kwa wazee, na ulimwengu mzima wakati ule unapangusa mpaka vitasa vya milango. Tulitoa matairi, tukatoa toroli, tukatoa mawe yote. Tukapanda juu na brashi ngumu tukasugua zege, ukoga wote tukautoa, mpaka mfereji ukang'aa kama sinki la hoteli. Sikumbuki kazi niliyoifanya kwa moyo kama ile. Mawe mengine tukazungushia kitalu chetu cha mchicha kando ya banda la vifaa. Mengine matatu mazuri, yenye urefu sawa, Bi Mwanaisha aliyachagua mwenyewe yakawa mafiga ya kuchemshia chai. Daktari Anjali alipokuja kukagua, maji yalikuwa bado mazito ya matope, huoni chini. Alitazama pembeni palivyo safi akatusifu.

Baridi ikaja, na lokidauni ya pili ikaja nayo, na hiyo ndiyo iliyouma. Sisi wa upande wa magharibi tulifungwa kuliko wenzetu. Helikopta za polisi zikawa zinazunguka juu ya mapaa. Daktari Anjali akakwama kwao Quakers Hill. Sisi tulipewa kibali kwa sababu kazi ni ya nje na tunakaa karibu, lakini Furaha, mkwe wangu, ambaye ni muuguzi msaidizi, hakupenda.

"Mama, mna kibali lakini mna miaka pia," alisema mlangoni akinizuia. "Mimi naona wanavyokufa. Samaki ndio wa kufia?"

"Hatufi. Tuko nje, upepo unapita."

"Na polisi wakiwasimamisha?"

"Nitawaonyesha simu."

"Hujui kuifungua hiyo karatasi kwenye simu!"

"Mama yako anajua," nikamwambia. Na Spesi hakujua. Furaha alituchapishia karatasi tukazitia kwenye mifuko ya nailoni, tukazivaa shingoni kama watoto wa komunio.

Majira ya kuchipua yalianza. Kila alfajiri tuliangalia wavu tuliotega juu, mahali ngazi inapomalizikia. Wavu huo ni mfuko mrefu wenye pete, na sehemu ya nyuma unaifunga iinuke juu ya maji, ili kasa akiingia apate pa kupumulia. Msisahau hilo hata siku moja. Wavu ulikuwa mtupu. Ukawa mtupu tena na tena. Na chini ya ukuta, kwenye dimbwi, besi walikuwepo! Tuliwaona kwa macho, migongo ya shaba, wamepanga foleni. Mmoja anaingia mdomo wa ngazi, anafika chumba cha kwanza, maji yanamshika, yanamrudisha chini mkia mbele. Anajaribu tena. Anarudishwa tena.

Bwana Trent alikuja na kikombe chake cha kahawa. Nyuma yake mtu wake alishusha mbao mbili nzito, akaziegemeza ukutani. Zilikuwa zimeshakatwa kwa kipimo cha mdomo wa ngazi.

"Bado, kina mama?" akauliza.

"Bado," nikasema.

"Wiki hii ikiisha ndiyo mwisho." Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu.

Alipoondoka Spesi alikaa chini. "Labda hawautaki mto wetu," akasema. Spesi hulia akicheka na hucheka akilia, lakini siku ile hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Bi Mwanaisha akaniambia, "Mtu wa dagaa, mpigie daktari."

Daktari Anjali akatokea kwenye simu, nyuma yake nguo zimeanikwa sebuleni. Akaniambia nisogeze simu karibu na maji. Nikasogeza. Akasema, "Bibi, chuma jani, ulitupe chumba cha juu." Nikatupa jani. Jani lilikimbia chumba hadi chumba kama limesikia kengele ya shule, likatokea chini kabla sijainua simu.

"Hilo jani linakwenda mbio sana," akasema. "Halafu naona zege jeupe mpaka chini. Mbona naona zege? Mawe yako wapi?"

"Mawe gani?"

"Mawe ya ndani ya ngazi. Kila chumba kina mawe. Ndiyo yanayovunja nguvu ya maji, na samaki anapumzika nyuma yake. Fundi hakuyafunga kwa saruji kwa sababu alitaka kwanza kuona maji yanavyopita."

Nilisikia birika letu likichemka. Bi Mwanaisha akaichukua simu mkononi mwangu, akaigeuza taratibu kuelekea bandani, ikayatazama mafiga na moto na birika juu yake, halafu akaigeuza kwenye mchicha.

Daktari Anjali alifunika mdomo. Halafu akasema ngoja, akamwingiza Mzee Keith, maana ndiye aliyeyapanga mawe yale na fundi, kwa mikono yake, kabla hajafungiwa ndani. Uso wake ukatokea, umekonda. Daktari akamweleza. Mzee Keith akaomba aonyeshwe mafiga. Akayatazama sana.

"Mmesugua na ukoga?" akauliza.

"Wote," nikasema. "Kwa brashi."

Akaanza kucheka. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akicheka, na kicheko chake kilikuwa kama pikipiki ya zamani. Kikamgeuka kikohozi, binti yake akaja akamnyang'anya simu, tukasikia akigombezwa. Aliporudi macho yamelowa. Akasema, "Si mbaya. Hiyo ndiyo ngazi safi kuliko zote nchini." Halafu akanyoosha kidole. "Yarudisheni. Makubwa katikati, madogo pembeni, msiyapange mstari. Yapangeni vibaya. Godeliva, unajua kupanga kitu vibaya?"

Sikujua. Ilibidi nijifunze siku ile.

Tukajipanga kama tulivyojenga kanisa kambini, mtu na mtu, tofali linapita mikono: Spesi kwenye kitalu, Bi Mwanaisha katikati, mimi ndani ya maji na buti za Mzee Keith, simu imeegemezwa kwenye chupa. Jiwe liliwekwa chini, mwenzako akasogea mbali, ndipo nawe ukaliokota, maana sheria ni sheria. Mzee Keith kwenye simu: "Kushoto. Hapana, vibaya zaidi." Spesi akaimba. Mchicha ulikanyagwa wote. Mafiga yalingojewa hadi mwisho kwa sababu yalikuwa bado ya moto, na yalipoingia majini yalipiga kelele ya kukaanga, Bi Mwanaisha akasema, "Samahani mawe, mmeonja Uswahili." Nikatupa jani jingine. Jani likashuka chumba kimoja, likazunguka nyuma ya jiwe, likatulia. Likashuka tena, likatulia. Mzee Keith akasema, "Haya," akakata simu.

Siku iliyofuata wavu ulikuwa na mikunga wadogo, wembamba kama kamba za viatu. Siku iliyofuata hiyo, hakuna kitu. Wiki ikawa imebakiwa na asubuhi moja. Bwana Trent alifika mapema kutuzidi, na bisibisi kubwa ya umeme mkononi.

Nilikwenda kwenye wavu mimi, maana zamu ilikuwa yangu. Kabla sijafika niliona mkia wa wavu ukitikisika. Nikafikiri kasa. Nikalowanisha mikono kwanza, kama Mzee Keith alivyonifundisha, kwa sababu mkono mkavu humvua samaki koti lake, nikafungua kamba. Alikuwa besi. Mpevu, urefu wa kiganja changu mpaka kiwiko, shaba mgongoni. Nikamshika chini ya tumbo, vidole mbali na mashavu, maana pale ana makali kama wembe.

"Spesi!" nikaita. "Mgeni amefika!"

Spesi akapiga vigelegele, maski ikamshuka kidevuni. Bi Mwanaisha alisema bismillahi, akawapigia Daktari Anjali na Mzee Keith kwa pamoja, ndipo wakatokea kwenye vidirisha vyao kama nilivyowataja mwanzo. Daktari alilia waziwazi. Mzee Keith alivua kofia, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akasema, "Si mbaya, Godeliva." Kwa mzee wa Kiaustralia wa aina yake, hiyo ni zaidi ya ngoma na matarumbeta. Nimeibeba mpaka leo.

Bwana Trent alikuja akasimama mbali kwa kipimo cha korona, akainama akamtazama samaki, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akauliza, "Amepanda kwenye hiki kimfereji?"

"Hicho hicho," nikasema. "Na wenzake wako nyuma."

Nikamshusha kwenye maji ya juu ya ukuta, ambako babu zake hawakuwahi kufika tangu viwanda vianze. Hakukimbia. Alikaa mkononi mwangu akivuta pumzi, halafu akaenda zake kama mtu aliyekumbuka ana shughuli.

Bwana Trent aliiweka bisibisi chini. Akazitazama zile mbao mbili zilizoegemea ukuta. "Mnazitaka?" akauliza. "Mimi sina kazi nazo tena." Wiki ile ile alirudi na miguu ya chuma, akatuundia benchi yeye mwenyewe, akalisimika mbele ya banda. Hilo ndilo benchi mnalokalia mnapokunywa chai, na huwa nawasikia mkilalamika ni gumu. Mbao zilikatwa kuziba mto, hazikukatwa kwa ajili ya makalio.

Lokidauni ilipoondolewa Mzee Keith alikuja kwa gari la binti yake, akakaa hapo, akatazama maji yakipiga yale mawe yaliyopangwa vibaya. Sasa yamefungwa kwa saruji, kwa sababu fundi alisema hawezi kutuamini. Niliendelea na kazi msimu mmoja zaidi, niwaone wadogo wakipanda, nikawaona, ndipo nikavua buti.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama kuna niliyemwacha, au kama bisibisi ya Bwana Trent ilikuwa nyundo, au kama siku ile Spesi aliimba wimbo mwingine, njooni mniambie, nitafuta niandike upya. Nyumba yangu mnaijua. Lakini ni afadhali tukutane pale kwenye benchi, tusahihishane huku tunawaona wakipanda. Na Bi Mwanaisha, mtani wangu, nawe ukija kunirekebisha njoo na jiko lako. Mafiga yana kazi.